Hisia ziko wapi kwenye picha za ulimbwende, mbona nyuso zimefichwa?

Brashi_Kavu

Shikamooni wakubwa, mambo vipi wa rika langu.

Nasoma sanaa za ufundi mwaka wa pili hapa Dar. Tumepewa kazi ya kurasa sita kuhusu ulimbwende (wengine wanauita Uromantiki) katika uchoraji wa Ulaya, kuanzia mwishoni mwa karne ya 18 mpaka katikati ya karne ya 19. Notisi za darasani kwa kifupi zinasema hivi: urasimi mpya ulitanguliza akili, nidhamu na mstari ulionyooka, ulimbwende ukaja kuupinga kwa kutanguliza hisia, nafsi ya msanii na maumbile. Ukiandika hivyo kwenye mtihani unapewa alama zako, unakwenda kula.

Shida imeanza nilipozifungua picha zenyewe kwenye simu na kuzivuta karibu. Friedrich, Mjerumani, yule wa picha ya ukungu: mtu katupa mgongo. Géricault, Mfaransa, Chelezo cha Medusa: yule aliyepandishwa juu ya pipa anapunga kitambaa, mgongo. Goya, Mhispania, ile ya Mei 3, 1808: kikosi kizima cha kufyatua risasi, migongo mitupu. Turner, Mwingereza, Meli ya Watumwa: sura hakuna, kuna mguu. Sasa hizi ni hisia gani ambazo wenye nazo hawaonyeshi uso? David, mchoraji wa urasimi mpya ambaye notisi zinamwita mkavu, angalau watu wake unawaona walivyo.

Na jambo dogo pembeni. Hela ya vocha na rangi naipata kwa kuchora machweo na ngalawa, za kuuzia wageni. Mwenzangu wa hosteli anasema huo ndio ulimbwende wenyewe: bahari, jua, upweke, maumbile. Ana hoja au ananitania?

mchumi_tumbo

Dogo, endelea na ngalawa. Huyo Friedrich alikufa 1840 akiwa fukara na watu wameshamsahau. Hisia utazitafuta ukishajenga.

TangaKaskazini

Marahaba mdogo wangu. Usimsikilize huyo wa juu, ingawa kuhusu ufukara wa Friedrich kasema kweli.

Mimi mtu wa Tanga, naishi Hamburg, na kazi yangu ni ulinzi wa vyumba vya makumbusho: kusimama, kuangalia mikono ya watu, kusema "tafadhali usiguse" kwa lugha tatu. Shahada ya sanaa sina. Lakini picha ukikaa nayo chumba kimoja kutwa nzima utaijua tu, utake usitake.

Huyo uliyemwita wa ukungu yuko mji huuhuu, kwenye makumbusho ya sanaa ya Hamburger Kunsthalle. Alichorwa mnamo mwaka 1818. Kitu cha kwanza ambacho simu haikuambii ni udogo wake: sentimita 94.8 kwa 74.8. Watu waliomzoea kwenye majalada ya vitabu wakifika mbele yake wanaguna. Cha pili, ukisogea (usisogee sana, nitakukemea), alama ya brashi huioni. Rangi imelazwa laini, tabaka juu ya tabaka. Koti la kijani kizito, fimbo mkono wa kulia, nywele nyekundu-nyekundu zinachezewa na upepo. Miteremko ya vilima vya kushoto na kulia inashuka mpaka inakutana usawa wa kifua chake. Na majabali yale hayakai pamoja popote duniani: Friedrich aliyachora kwa penseli moja moja alipokuwa akitembea kwenye milima ya mawe ya mchanga ya Elbe, karibu na Dresden, halafu akayapanga upya nyumbani.

Sasa waangalie watazamaji. Mtu mzima anauliza ilichorwa lini. Mtoto anauliza, "Anaangalia nini?" Kisha, "Amefurahi au amekasirika?" Hapo mzazi anakwama. Anaanza kukisia, na akianza kukisia tu anatoa ya kwake: mmoja anasema huyo bwana ameshinda, amefika kileleni, mwingine anasema huyo amefiwa, kijana mmoja alimwambia mpenzi wake, "Huyu hataki kurudi nyumbani," na yule binti akamtazama usoni kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama picha. Laiti Friedrich angemgeuza yule mtu akatuonyesha uso, mazungumzo yote hayo yangekufa. Tungesoma uso, tungesema "aa, ana huzuni," tungepita kwenda kwenye picha nyingine.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: walificha nyuso makusudi, kwa sababu uso ulikuwa umechakaa. Mwaka 1668 Charles Le Brun, mchoraji wa mfalme Louis XIV, alitoa mhadhara kwenye Akademia ya uchoraji ya Paris kuhusu namna ya kuchora kila hisia. Hasira, nyusi zikae hivi. Woga, mdomo uwe hivi. Mshangao, macho yafunguke kiasi hiki. Michoro yake ikachapishwa, wanafunzi wa nchi nyingi wakainakili. Karne ya 18 Akademia hiyohiyo ikaweka hata shindano la kuchora kichwa chenye hisia. Unaelewa maana yake? Kilio kilikuwa na kanuni na kilikuwa na zawadi. Vijana wa 1800 na kitu walikuta uchungu umeshageuzwa kuwa zoezi la darasani.

Wakauhamisha. Wakautoa usoni wakautandaza kwenye picha nzima: kwenye anga, kwenye ukubwa wa kanvasi, kwenye mahali mwanga unapoanguka na mahali ulipokataa kuanguka. Wewe umewahi kumwona mwimbaji wa taarabu ya zamani? Anakaa wima kwenye kiti, uso hautikisiki, na kina mama wanainuka kwenda kumtunza huku machozi yanawatoka. Angelia yeye, nani mwingine angelia?

Itafute na ile ya Mtawa Kando ya Bahari, ya 1808 hadi 1810, iko Berlin. Sentimita 110 kwa 171.5, na karibu yote ni anga. Mtawa amekuwa kijiti tu upande wa kushoto. Friedrich alikuwa ameweka meli pale baharini, kisha akazifuta. Uchunguzi wa maabara umezikuta chini ya rangi. Fikiria moyo unaotakiwa kufuta meli uliyoichora ukairidhia, ubaki na maji na hewa. Mwandishi Kleist aliiona 1810 akasema kuitazama ni kama mtu amekatwa kope: huna pa kufumba.

Na usidhani alikuwa analia juu ya kanvasi. Rafiki yake Kersting alimchora akiwa kazini mwaka 1811. Chumba kitupu kabisa. Nusu ya chini ya dirisha imezibwa. Ukutani paleti, rula na skwea. Mtu unayeambiwa ni baba wa hisia za Wajerumani, chumbani kwake utadhani ni mchora ramani za nyumba.

Kuhusu ngalawa zako: mwenzako anakutania, lakini amegusa kitu. Mwaka 1757 mwanafalsafa Edmund Burke aliandika kwamba kizuri na kitukufu ni mambo mawili. Kizuri kinatuliza. Kitukufu kina kicho ndani yake, kina ukubwa wa kukumeza, na tunakifurahia kwa sababu tumesimama mahali salama. Machweo yako na ngalawa yanamwambia mgeni, "Pumzika, umefika." Bahari ya walimbwende haimwambii mtu hivyo. Mtazame Friedrich huyohuyo kwenye Bahari ya Barafu, 1823 hadi 1824: mabamba ya barafu yamerundikana kama yamelipuliwa, na pembeni kulia kuna kipande cha meli kinamalizikia kuzama, kidogo mpaka unakipita. Akiwa na miaka 13 mdogo wake alizama kwenye barafu mbele yake, na waongozaji wa wageni huku hawaachi kuisimulia habari hiyo wakifika hapo. Mimi naona wanaitumia kama ufunguo wa kila mlango. Picha hiyo hakuna aliyeinunua mpaka mwenyewe anakufa. Mgeni gani ataitundika sebuleni?

mchumi_tumbo

Si ndiyo nilichosema, haikuuzika.

Brashi_Kavu

Dada Tanga, ahsante sana, nimeisoma mara mbili. Nilikuwa sijui kabisa habari za Le Brun. Lakini hapo kwenye uso nina wasiwasi: nikiandika "walimbwende walificha nyuso" mwalimu hataniletea picha tano zenye nyuso?

fundi_mabango

Atakuletea, na mimi nitamsaidia kuzibeba.

Salaam dada. Mimi niko Mombasa, nachora mabango na mapambo ya matatu, mkono wangu umeshiba sura za watu. Nusu ya maneno yako nayakubali, nusu naomba tuvutane. Hiyo ya Goya, kijana ametaja migongo ya wanajeshi lakini amemruka yule wa shati jeupe. Ile ndiyo picha! Mikono juu, macho yametoka, nyusi zimepanda. Le Brun angempa alama zote. Kiganja cha kulia kina alama ya jeraha, kama za Yesu msalabani. Na angalia ujanja: yule mtu amepiga magoti, lakini mpime, akisimama atawapita wote pale kwa urefu. Mimi nilijaribu kuinakili kwenye karatasi, nikamnyoosha miguu, kichwa kikatoka nje ya picha.

Pili, Géricault huyohuyo wa chelezo, miaka michache kabla ya kufa alichora wagonjwa wa akili, picha zilizobaki ni tano. Uso tu. Hakuna bahari, hakuna ukungu, hakuna anga, giza nyuma na kichwa mbele. Ile ya bibi iliyoko Lyon, mwenye kope nyekundu pembeni, kofia nyeupe imekaa ovyo kichwani, mimi siwezi kuitazama usiku. Huyo naye amefichwa wapi?

TangaKaskazini

Fundi, umenibana vizuri. Nikujibu moja moja.

Goya kwanza. Funika uso wa yule wa shati jeupe kwa kidole, kwenye simu yako. Bado picha inauma, sivyo? Kwa sababu kilichofanya kazi kubwa ni lile shati na ile taa. Taa ya sanduku imewekwa chini, katikati ya wanaoua na wanaouawa, na mwanga wote wa picha unatoka humo. Kwenye michoro ya kanisani mwanga ulikuwa unatoka mbinguni. Hapa mwanga ni kifaa cha jeshi, umeletwa ili wasikose shabaha. Kisha funika wanajeshi uache uso peke yake: umebaki na mtu anayeshangaa. Goya aliichora 1814, miaka sita baada ya Wafaransa kuwapiga risasi wale watu wa Madrid. Alikuwa kiziwi tangu ugonjwa wa 1792 na 1793. Mtu ambaye miaka 20 hajasikia sauti ametuchorea mlio wa bunduki muda mfupi kabla haujatoka. Kwa hiyo uso upo, nakubali, ila haukuachiwa mzigo peke yake.

Wagonjwa wa Géricault: hapo ndipo umenisaidia badala ya kunipiga. Hebu mtazame tena bibi wa Lyon. Anafanya nini usoni? Karibu hakuna. Halii, hapigi kelele, hatutazami. Macho yamekwenda pembeni kwa kitu tusichokiona. Wachoraji wa kabla yake wakichora kichaa walimchora kwa minyororo, manyoya kichwani, mdomo wazi. Huyu kamketisha kama anavyoketishwa tajiri anayechorwa picha ya familia. Uso wa namna hiyo nao ni mgongo tu, fundi. Umegeuziwa kwako lakini umefungwa.

Sasa chelezo, maana kijana ameitaja kwa haraka na ndiyo picha ya kuandikia kurasa zake zote sita akitaka.

Kisa chenyewe ni cha siasa. Julai 2, 1816 meli ya kivita ya Ufaransa, Méduse, ilipanda fungu la mchanga karibu na pwani ya Mauritania ikielekea Senegal. Nahodha, de Chaumareys, alikuwa hajaendesha meli kwa zaidi ya miaka 20. Alipewa nafasi kwa sababu alikuwa mtu wa mfalme. Mashua hazikutosha. Watu kama 147 wakawekwa kwenye chelezo cha mbao kilichofungwa kamba kwa mashua za wakubwa, na kamba ile ikaachiwa. Siku 13. Waliua, walikula maiti, walitupana. Meli ya Argus ilipowaokoa walikuwa wamebaki 15. Wawili kati yao, daktari Savigny na mhandisi Corréard, wakaandika kitabu mwaka 1817, serikali ikaaibika.

Géricault alikuwa na miaka 26 hivi. Akawatafuta hao wawili, akawahoji. Akampata seremala aliyenusurika, akamtengenezea mfano mdogo wa chelezo. Akaenda hospitali ya Beaujon kuchora wanaokufa na maiti, akapewa viungo vya watu akavipeleka chumbani kwake avione vinavyobadilika rangi. Akanyoa nywele ili asitoke nje. Hapo notisi zenu zinasema "hisia dhidi ya akili". Akili ipi tena anayoikosa mtu huyu? Alifanya uchunguzi kuliko mahakama iliyomhukumu nahodha.

Na baada ya uchunguzi wote huo, akaacha ukweli mwingi nje. Nilikwenda makumbusho ya Louvre, Paris, na binti yangu kuiona. Inatisha kwa ukubwa, mita 4.91 kwenda juu na 7.16 upana, maiti za mbele zimezidi kimo cha mtu, na ukisimama karibu ukingo wa chelezo uko usawa wako kama unataka kupandishwa. Binti yangu akaniuliza: mbona wana misuli? Siku 13 bila chakula, na migongo imejaa kama ya mabaharia waliokula wali jana. Ni kweli. Mochwari aliisoma, halafu akawachora miili ya mashujaa, miili ambayo Akademia ilikuwa inawapa Wagiriki na wafalme. Aliwapa mabaharia, askari, na juu ya wote mtu mweusi. Aliyemkalia ili amchore aliitwa Joseph, mzaliwa wa Saint-Domingue, Haiti ya leo. Ufaransa ilikuwa bado inafanya biashara ya watumwa kwa mlango wa nyuma. Mgongo wa Joseph ndio kilele cha picha. Ungegeuzwa atutazame sisi, matumaini yote yangerudi nyuma chumbani, yangeangukia wageni wenye tiketi. Mgongo unatupeleka mbele kule anakotazama yeye.

Na anakotazama kuna nini? Argus, doa dogo kwenye upeo wa macho, unaweza kulifunika kwa ukucha. Upepo umejaza tanga, lakini tazama umejaza kuelekea wapi: kushoto, kuwapeleka mbali na meli. Wimbi kubwa linakuja kutoka upande huohuo wa kushoto. Miili inapanda kulia, chelezo kinakwenda kushoto. Hisia ya picha nzima iko kwenye mvutano huo wa pande mbili, na mtu anayeijua bahari anauona kabla hajatazama sura hata moja. Mzee mmoja tu ndiye ametuelekezea uso kwa kweli, yule aliyempakata kijana aliyekufa, na yeye ndiye pekee ambaye meli haimhusu.

Mshairi Baudelaire alisema kuhusu mchoraji Delacroix kwamba alikuwa ameipenda shauku kwa shauku, na akaazimia kwa ubaridi kutafuta njia za kuionyesha. Delacroix huyo alikuwa rafiki wa Géricault, na ni mmoja wa waliolala kifudifudi pale kwenye chelezo. Uso wake huuoni.

fundi_mabango

Dada, hapo kwenye tanga umeniua. Nimezaliwa Old Town, nimepanda jahazi utotoni, na nimeitazama hiyo picha kwenye vitabu miaka na miaka bila kuona kwamba upepo unawarudisha. Nakubali yaishe. Ila bibi wa Lyon simwachii, yule anatazama kitu.

Mwana_wa_Shangani

Nimewafuata kimya, sasa naomba nichokoze kidogo. Mimi Mzanzibari, nimekulia mitaa ambayo wageni wanakuja kuonyeshwa lilipokuwa soko la watumwa. Hiyo ya Turner, Meli ya Watumwa, 1840. Watu weusi wanazama, pingu miguuni, samaki wamewazunguka, na juu yao machweo mazuri ambayo hayajawahi kutokea. Sasa mniambie: hii ni hisia, au ni uzuri ulionunuliwa kwa roho zetu? Mtu anasimama mbele yake anasema "rangi gani hizi, subhanallah," na chini kulia kuna mguu wa binadamu.

TangaKaskazini

Ndugu yangu wa Shangani, hilo swali sina jibu lake la kulala nalo. Nitakupa ninayoyajua.

Turner alikuwa anakumbusha habari ya meli Zong, 1781, iliyotupa baharini zaidi ya watu 130 ili wenye meli wadai bima ya "mizigo" iliyopotea. Kesi ilifika mahakamani London 1783, ikiwa kesi ya bima, si ya mauaji. Picha aliionyesha 1840, mwaka ambao mkutano mkubwa wa wapinga utumwa ulifanyika London. Lakini Turner huyohuyo mwaka 1805 alikuwa ametoa pauni 100 kuwekeza kwenye shamba la mifugo la Jamaika lililoendeshwa na watumwa. Yote mawili ni yake, simtoi hata moja.

Kuhusu uzuri: mwenye kuimiliki kwanza baada ya Turner alikuwa Ruskin, mkosoaji wa sanaa wa Kiingereza, baba yake alimpa zawadi. Ruskin akaandika kurasa za sifa kuhusu maji yake na mwanga wake, na kwamba ile ni meli inayotupa watumwa akalitaja kwenye tanbihi. Chini kabisa ya ukurasa, herufi ndogo. Kwa hiyo shutuma yako ina ushahidi wa maandishi. Baadaye akashindwa kukaa nayo nyumbani, akaiuza, na leo iko Boston. Wakosoaji wengine walicheka kwamba Turner kaelesha minyororo ya chuma juu ya maji.

Mimi nafikiri hivi, na unaruhusiwa kunikatalia. Ile rangi ni mtego. Unavutwa na jua, unasogea, unaanza kuona vidole vinavyotokeza kwenye povu, na kwa kuwa umeshasema "nzuri", umeshaingia. Turner hakukupa uso wa kumhurumia ili ujione mwema. Alikupa mguu. Ila ni kweli mtego huo unamnasa anayesogea tu. Anayebaki mbali anaondoka na machweo, na wengi wanabaki mbali.

Mwana_wa_Shangani

Nimekuelewa, lakini sikubali. Mtego ambao wengi hawanasi ni pambo. Na mguu bila mwenye mguu ndivyo walivyotuhesabu kwenye vitabu vya bima pia. Joseph wa Géricault angalau ana mwili mzima, ana kazi anayoifanya, na wenzake wanamshikilia asianguke. Mtu wa kuandikwa kwenye insha ni huyo.

TangaKaskazini

Hiyo ya vitabu vya bima nimeisoma nikanyamaza. Brashi, iandike hivyohivyo alivyoisema, na uandike kwamba watu hawakukubaliana.

Brashi_Kavu

Wakubwa, nilitegemea aya mbili, nimepewa muhula mzima. Nimeamua: Géricault katikati, Friedrich wa kufungulia, na mvutano wa Turner kati ya dada Tanga na kaka wa Shangani. Le Brun nitamweka mwanzo kabisa ili mwalimu aone nyuso zilikuwa wapi kabla hazijaondoka.

Swali la mwisho na nisamehewe: ile ya Delacroix, mwanamke mwenye bendera, ya 1830? Yule uso wake unaonekana.

TangaKaskazini

Unaonekana, lakini kwa ubavu, kama uso kwenye sarafu, na hana hisia yoyote. Tazama waliolala miguuni pake kisha mtazame yeye. Yeye hana habari nao kabisa. Delacroix mwenyewe hakupigana kwenye yale mapinduzi ya Julai. Alimwandikia kaka yake kwamba kama hakuipigania nchi, basi ataichorea. Kurasa sita hazimtoshi, mwache.

fundi_mabango

Kijana, kabla hujaandika neno lolote chukua karatasi kubwa na makaa. Nakili Chelezo bila uso hata mmoja: mlingoti, tanga, wimbi, na miili kama magunia. Anza na tanga, upate upepo wake vizuri. Kisha piga picha uiweke hapa tuikosoe. Na mchumi_tumbo asiruhusiwe kutaja bei.

mchumi_tumbo

Elfu kumi na tano, na fremu juu yake.